Viti Vitano vya Kitindamimba

Mtaani walimwita Futi, na wengi hawakujua kama ana jina lingine. Alikuwa seremala wa miaka hamsini na minne, mwembamba kama mbao zake, na futi ya chuma haikumtoka kiunoni hata siku ya harusi ya bintiye. Ukimkaribisha chakula, kabla hajanawa mikono atakuwa ameshakwambia kwamba meza yako mguu mmoja umezidi. Mkewe alimzoea. Ndugu zake walimvumilia tu, kwa sababu kila shughuli yenye watu wengi katika ukoo ule ilimwangukia yeye, na shughuli kubwa kuliko zote ilikuwa safari ya Krismasi kwa mama yao.

Mama aliishi mbali, mwendo wa kutwa nzima. Alizaa watoto sita, na hao sita wakazaa kana kwamba wanashindana. Desemba ikiingia nauli zinapanda mara tatu, kwa hiyo walizoea kwenda kwa zamu, wawili mwaka huu, wawili mwaka ujao. Lakini mwaka huu mama alipiga simu mapema, mwezi wa tisa, akamwambia Futi, "Nataka niwaone wote, mwanangu. Wote sita." Alipokata simu Futi alibaki ameishika, maana alijua ni nani kati ya hao sita aliyekuwa akisemwa.

Miaka mitano nyuma walikwenda karibu wote kwa pamoja. Futi alitangulia siku moja, akapima vyumba vya mama ukuta kwa ukuta, akagawa sakafu kwa chaki. Mtu mzima alipata mstatili mzima, mtoto nusu, na kila godoro likakaa ndani ya mistari yake. Kazi safi. Basi jioni akatokea Kitindamimba, mdogo wao wa mwisho, dereva wa malori, aliyekuwa amesema hatapata likizo. Alikuja na mkewe na watoto watatu, vumbi hadi kwenye kope. Futi akasimama mlangoni, chaki sikioni, akamwambia mbele ya shemeji zake wote, "Nyumba imejaa, bwana. Nimepima. Tafuteni gesti."

Pesa ya gesti Kitindamimba hakuwa nayo, na hakutaka kulisema hilo mkewe akisikia. Aliokota begi akageuza. Mama alipotoka jikoni aliwakuta watu wanatazama miguu yao. Mtu mwingine yeyote angesogeza magodoro, watu wangebanana na kupigana viwiko, na kungekucha. Lakini Futi alikuwa ameishi miaka yote akiamini kwamba kitu kikizidi nusu inchi hakiingii, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba binadamu si mbao. Tangu siku ile Kitindamimba hakukanyaga tena kwa mama. Simu za kaka yake alipokea, akajibu salamu, akakata.

Mwaka huu Futi alipata akili ya basi. Shule aliyokuwa akiitengenezea samani ilikuwa na madawati sitini yaliyovunjika, na basi ambalo lingelala likizo nzima bila kazi. Alikubaliana na mwalimu mkuu: yeye atengeneze madawati, shule imwachie basi siku nne. Ndugu wachange mafuta tu. Jumamosi sita mfululizo alipiga misumari mpaka bega likawaka moto. Basi lilikuwa na viti thelathini na kimoja ukiacha cha dereva. Ukoo, bila Kitindamimba na watu wake, ulikuwa watu ishirini na sita.

Wiki mbili kabla ya safari, dereva wa shule akaingia mitini. Naye ana mama, alisema, na mama yake anaishi upande mwingine kabisa.

Kikao kikafanyika karakana kwa Futi, watu wamekaa juu ya mbao. Dada yao mkubwa, mwanamke ambaye hata akinong'ona jirani anasikia, alishangaa kuona watu wameshika tama.

"Jamani, si tuna Kitindamimba? Dereva wa damu, tena wa bure! Mpigie simu."

"Simpigii," Futi akasema.

"Kwa nini?"

"Miaka mitano hatujamwita, dada. Leo tumekosa dereva ndio tumwite? Atatuonaje?"

"Atatuona tuna shida. Kwani uongo?"

"Nitamwalika kama ndugu, aje na watu wake, akae. Kuendesha aendeshe mwingine."

Dada mkubwa akapiga kofi paja lake mwenyewe. Alikuwa ameshawaahidi majirani zake vile viti vitano, wachangie mafuta. "Yaani viti vikae vinamngoja mtu asiyetaka hata kutusalimia, na dereva tumlipe! Wewe Futi, hiyo ndiyo hesabu uliyosomea?"

Mkewe Futi aliwasindikiza watu hadi nje. Walipoondoka ndipo akamuuliza, "Baba, huyo dereva utamlipa nini?"

"Mlango."

Na kweli, alikuwepo mzee mmoja mstaafu, aliyeendesha mabasi makubwa miaka thelathini, ambaye mlango wake wa mbele ulikuwa umeliwa na mchwa. Futi akamchongea mpya, wa mbao ngumu, akifanya kazi kila siku baada ya kazi. Mzee akaupiga ngumi mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema atakuja na kofia yake mwenyewe.

Hapo ndipo Futi alipojikaza kisabuni akaenda yadi ya malori. Alimkuta mdogo wake amechuchumaa, anakagua tairi.

"Shikamoo, kaka," Kitindamimba akasema bila kuinuka.

"Marahaba. Nimekuja kuhusu Krismasi."

"Nimesikia. Mna basi, na dereva kawakimbia. Nilijua mtanikumbuka tu."

"Dereva ninaye. Nimekuja kukwambia mna viti vitano."

Kitindamimba akaigonga tairi kwa nyundo, akasikiliza, akaigonga tena. "Na kulala?"

Futi akachuchumaa kando yake. "Mtalala chumba cha mbele. Mimi nitajibanza popote. Mdogo wangu, siku ile nilikosea. Nilikufukuza kwa mama yako mzazi. Sijalala vizuri tangu hapo."

Mdogo wake akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Nitaona," akasema, akahamia tairi ya pili.

Siku ya safari, saa kumi na mbili asubuhi, basi lilikuwa limejaa vikapu, watoto na makelele. Viti vitano vya mbele vilikuwa vitupu. Majirani wa dada mkubwa walisimama getini na mabegi yao, kwa bahati tu, eti. Saa kumi na mbili na nusu. Mzee dereva alikwenda kujisaidia kwa mara ya tatu. Dada mkubwa akachungulia dirishani, akasema kwa huruma ambayo haikuwa kawaida yake, "Futi, umejitahidi. Haji huyu. Waite wale wapande."

"Dakika kumi."

"Umesema hivyo mara ngapi?"

Zilipobaki mbili, wakatokea. Mke mbele, watoto watatu, na Kitindamimba nyuma, amevaa viatu vyake vya kazi na miwani ya jua kichwani. Hakusalimia mtu. Alizunguka basi moja kwa moja, akagonga tairi zote kwa mguu, akafungua mlango wa dereva, akapanda. Alikuwa ameshaweka mikono kwenye usukani pale mzee mwenye kofia alipofika chini ya mlango na kukohoa.

"Kijana, hapo ni kwangu."

Kitindamimba akamtazama mzee, akamtazama kaka yake. "Kaka. Kumbe kweli una dereva?"

"Nilikwambia."

"Nilidhani unanidanganya." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikasema potelea mbali, nitaendesha, mradi watoto wamwone bibi yao."

Akashuka taratibu, akaingia kwa mlango wa abiria. Mkewe akasogea dirishani kumpisha. Kwa kilomita ishirini za kwanza mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwepo, watoto wakafa kwa kucheka, na hata dada mkubwa akampelekea yai la kuchemsha.

Katikati ya asubuhi mama akapiga simu. Futi akaziba sikio moja kwa kidole ili asikie.

"Mnakuja wangapi?"

"Thelathini na mmoja, mama."

Mama akahesabu kwa kunong'ona. "Basi mtoto wangu wa mwisho yumo," akasema. "Ndiye anayewaendesha?"

"Hapana, mama," Futi akasema. "Amekaa na mkewe."

Kisha akamsikia mama yake anavuta pumzi, anaomba azungumze na Kitindamimba, na Futi akainuka, akashika viti kimoja baada ya kingine, akampelekea simu.