Picha Safi Iliyomrudisha Kiama Mbioni

Saa mbili asubuhi, Maxine Ajwang anaulaza mguu wa Kiama juu ya meza baridi, anaugeuza kidogo kwa ndani na kumwomba asitikisike. Anaingia nyuma ya ukuta, anabonyeza kitufe. Anaogopa atakachokiona, wala haoni haya kukiri.

Maxine, 34, hupiga picha za eksirei katika kliniki moja mjini Ruiru. Wengi wanaofika kwake hawakupata ajali. Ni wapagazi wa Thika, wanasoka wa mtaani na wakimbiaji, watu waliotumikisha kiungo kimoja mpaka kikachoka.

Kiama anaishi mtaa wa Kiandutu, Thika; alfajiri hufanya mazoezi ya mbio na mchana hubeba magunia. Wiki tatu zilizopita alikuja akichechemea, akagusa kwa kidole pale panapouma kwenye muundi. Picha haikuonyesha kitu. Maxine alimweleza, kama daktari alivyoagiza, kwamba ufa wa uchovu huweza kujificha wiki za mwanzo, hivyo apumzike, kisha arudi. Mashine ya MRI ingeuona mapema, lakini bei yake ingemeza mapato ya Kiama ya miezi miwili.

Hapa watu huondoka na picha zao. Kiama aliipeleka uwanjani, kocha wake Wanyoike akaiinua juani, wenzake wakamzunguka, wakakubaliana kwamba mfupa ni mzima. Wakaomba na kumshukuru Mungu. Kesho yake kocha akafanya kilomita kumi na tano za mazoezi ziwe ishirini na tano.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Kiama alimsikia mkuu wake vizuri mno.

"Daktari, si iko tu sawa?" anamuuliza Maxine sasa, akifunga kamba za kiatu. "Jumapili ni trials. Wakinichukua kwa timu, mambo ya magunia imeisha."

Kwenye skrini kuna mstari mwembamba unaokata ukingo wa mfupa. Kutoa majibu si kazi ya Maxine, kwa hiyo anamwita Dkt Waweru, daktari wa kliniki hiyo, naye hazunguki: akikimbia, mfupa unaweza kuvunjika vipande viwili. Atembelee magongo, na kwa wiki nane asikimbie wala asibebe mzigo.

Kiama anasikiliza mpaka mwisho, anashukuru kwa adabu, anasema magongo atayafuata baadaye. Kisha anatoka kwa miguu yake, akichechemea.

Maxine amempigia kocha simu tangu hapo, haipokelewi. Ameomba zamu ya Jumapili, siku ambayo kwa kawaida huwa kanisani.

"Nitakuwa hapa kutoka asubuhi," anasema. "Naomba Mungu nisimwone."