Ziara ya Kula na Mama Mkwe Nisiyeruhusiwa Kula Naye

Sababu ya safari ilikuwa mama mkwe wangu. Alifundisha sayansi kimu katika shule ya wasichana kule Kimilili mpaka alipostaafu, na miaka yote hiyo alisomesha mapishi ya Wazungu kutoka kitabuni: kimanda cha Kifaransa, sosi nyeupe, viazi vya Kibelgiji. Mwenyewe hakuwahi kuonja hata kimoja kilichopikwa na wenyewe. Alipopata viza ya kuja London kututembelea, alimwambia binti yake Nafula, ambaye ni mke wangu, "Kabla sijafa nataka kujua kama niliwafundisha watoto wa watu uongo." Tena Nanjala, mdogo wake Nafula, alikuwa anaolewa Desemba, na mama alitaka kitambaa ambacho hakuna mwanamke mwingine wa Kimilili angekuwa nacho.

Nafula akapanga kila kitu. Paris siku mbili, Brussels siku mbili, kazi ni kula na kununua. Kisha akaniambia kwamba nami naenda.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kwetu sisi Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawaketi meza moja, hawali pamoja wala hawalali chini ya paa moja. Mimi ni muuguzi. Zamu nzima hospitalini nawageuza wazee wa watu, nawaosha, nawakata kucha. Lakini katika miaka kumi na minne ya ndoa, sikuwahi kumshika mkono mama Nafula. Tulizungumza kupitia kwa Nafula hata tukiwa sebule moja. Alipofika Uingereza hakulala kwetu Thamesmead; alifikia kwa mpwa wake Edmonton, upande wa pili kabisa wa jiji, nami nikampelekea salamu kwa simu ya mke wangu.

"Sasa mimi naenda safari ya kula kufanya nini?" nikamuuliza Nafula.

"Kubeba mizigo."

Jumatano asubuhi tulikutana stesheni ya St Pancras. Mama alikuja amevaa kofia ya sufu na koti la mpwa wake lililomfika vifundoni. Kwenye ukaguzi, begi lake lilisimamishwa. Afisa akatoa kikombe cha kupimia unga, kisha vijiko vya kupimia vilivyofungwa kwa uzi, kisha daftari la mistari.

"Mwambie ni vifaa vya kazi," mama akamwambia Nafula kwa Kiswahili, japo Kiingereza anakijua kuliko yule afisa.

Ndani ya treni tukagundua kwamba viti vyetu vilikuwa vya kutazamana, meza katikati, na mimi uso kwa uso na mama mkwe. Nikageukia dirishani. Mashamba ya Kent yalinisaidia kwa muda, kisha treni ikaingia kwenye njia ya chini ya bahari, nje kukawa giza totoro, na kioo cha dirisha kikawa kama kioo cha kujitazamia. Nikajikuta nimemkodolea macho mama mkwe, naye amenikodolea mimi. Nikafumba macho nikajifanya nimelala.

"Nafula," nikamsikia akisema, "mwambie mumeo asilale hivyo, shingo itamuuma."

"Wekesa, mama anasema usilale hivyo, shingo itakuuma."

"Mwambie asante, siumwi."

"Anasema asante, haumwi."

Mzee mmoja wa Kiingereza upande wa pili wa kijia alishusha gazeti lake akatutazama, kisha akalipandisha tena juu kuliko mwanzo.

Paris. Kwa sababu ya ile habari ya paa moja, nilichukua chumba katika hoteli nyingine, ng'ambo ya barabara. Nilijiona nimetumia akili nyingi sana. Kesho yake asubuhi nikafungua pazia, na mbele yangu, ghorofa ileile, mama mkwe alikuwa anafungua lake, kichwani amefunga kitambaa cha kulalia. Tuliyafunga kwa pamoja kama watu waliofanya mazoezi. Siku ya pili nikasubiri robo saa zaidi ili tusikutane tena. Kumbe naye alikuwa amesubiri robo saa.

Mchana wa Alhamisi tuliingia mkahawa mdogo kula kile kimanda. Wao wawili wakakaa dirishani. Mimi nikachukua meza ya nyuma karibu na choo, nikawapa mgongo. Mhudumu, kijibaba chenye masharubu, alijaribu mara mbili kunihamishia kwao. Nikakataa. Mwishowe akanijia na gilasi ya divai ambayo sikuiagiza, akainama, akaninong'oneza kwa Kiingereza chake: "Bwana, omba msamaha tu. Hata kama hukukosea."

Nyuma yangu nilisikia kijiko kikigonga sahani. Mama alikuwa anakichunguza kimanda kwa makini.

"Kitabu kilisema kisibadilike rangi," alisema. "Hiki kimekuwa na madoa ya kahawia. Mwambie mpishi nimempa sita kwa kumi."

"Mama, siwezi kumwambia hivyo."

"Basi saba. Lakini aelewe nimemhurumia."

Ununuzi nao ulikuwa na mambo yake. Nafula alimzungusha mama kwenye maduka yenye taa na sakafu za kuteleza, akamnusisha manukato, akamvisha skafu za hariri. Mama alishika kila kitambaa, akakigeuza upande wa nyuma kuangalia mshono, akakirudisha. Siku mbili za Paris zilipokwisha, kitu pekee alichonunua kilikuwa mwiko wa mbao.

"Mama, mwiko? Tumetoka London mpaka Paris kununua mwiko?"

"Shika uone ulivyosawazishwa," mama akamjibu.

Mimi nilikuwa na mifuko sita mikononi, yote ya Nafula.

Ijumaa jioni tulifika Brussels, mvua nyembamba ikinyesha. Hapo nilipata chumba nyumba ya tatu kutoka kwao na, namshukuru Mungu, dirisha langu lilitazama ukuta. Chakula cha usiku kilikuwa kome, wale wadudu wa bahari wenye magamba meusi, sufuria nzima kwa kila mtu. Mama aliwaangalia akasema yeye hakufundisha hao. Nafula akala sufuria yake, kisha akala ya mama.

Jumamosi asubuhi alikuwa amekunjamana kitandani kama nguo iliyotoka kwenye mashine. Nilimpima homa, nikamkorogea maji ya chumvi na sukari, nikamwambia asinyanyuke. Mama alikuwa amesimama kando ya dirisha, mimi mlangoni, na Nafula katikati akiugua. Duka la vitambaa lililobaki kwenye orodha yake lilikuwa Matonge, mtaa wa Wakongo, na treni yetu ya kurudi ilikuwa kesho yake.

"Nendeni nyinyi wawili," Nafula akasema.

Mama akarudi kutazama dirishani, mimi nikatazama kitasa cha mlango.

"Nafula," mama akaanza, "mwambie mumeo..."

"Mama, yuko hapo hapo. Mwambie mwenyewe." Akajifunika blanketi gubigubi.

Basi tukaenda. Nikitangulia mbele nitakuwa nimempa mkwe mgongo barabarani. Akitangulia yeye, njia haijui. Mwishowe akatangulia, nami nikafuata hatua sita nyuma nikiwa na simu yenye ramani, nikiongea na hewa.

"Mtu akitaka kukata kushoto hapa, anaweza."

"Mtu amesikia," jibu lilinirudia kutoka mbele, naye akakata kushoto.

Tulikwenda hivyo zaidi ya nusu saa. Watu waliotupita waligeuka kuniangalia mimi, si yeye.

Matonge ilikuwa imechangamka: saluni, samaki wakavu, muziki unatoka kila mlango. Mama akaona lesi ya buluu iliyokolea imetandazwa kwenye dirisha la duka, akaongeza mwendo. Barabara yenyewe ni ya mawe ya kale, na mawe yalikuwa yamelowa. Nikauona mguu wake unateleza. Hatua sita si mbali, lakini ni mbali mno kwa mtu anayeanguka. Alianguka ubavu, kofia ikaenda huku, pochi kule.

Nitasema ukweli. Nilisimama. Labda sekunde mbili, na katika sekunde hizo mikono yangu, iliyoinua wagonjwa wasiohesabika, ilikuwa inasubiri ruhusa. Ndipo nikamsikia akisema polepole, "Mguu wangu jamani," nikaangusha kila nilichokuwa nacho nikapiga magoti kwenye maji.

Mwenye duka alitoka mbio na kiti. Alikuwa mama mnene wa Bukavu, na Kiswahili chake kilitoka kabla yake. "Yesu wangu! Muleteni hapa, muleteni hapa! Mama, pole sana, usiogope."

Nilimnyanyua mama mkwe wangu, nikamketisha, nikamvua kiatu. Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba. Nikakibonyeza pande zote, nikamwambia achezeshe vidole, akavichezesha.

"Mama, inauma hapa?"

Lilikuwa swali la kwanza nililowahi kumuuliza bila mkalimani.

"Hapo, mwanangu. Hapo kidogo juu."

Mfupa haukuvunjika. Nikaufunga mguu kwa kipande cha kitenge ambacho yule mama wa Bukavu alikichana bila kuulizwa. Alituangalia akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Bwana yako anajua kazi. Ni munganga?"

Nilitamani mawe yale yafunuke nizame. Mama akajiweka sawa kwenye kiti.

"Huyu si bwana wangu," akasema. "Ni mwanangu." Kisha akaonyesha dirishani. "Hiyo lesi ya buluu, nikatie yadi kumi. Na usinitajie bei ya watalii, nimeanguka mlangoni kwako."

Tulipotoka, mzigo begani kwangu, tulikuwa na njaa. Ng'ambo kulikuwa na kibanda cha chipsi. Nikamketisha mama kwenye benchi lililokuwa chini ya turubai, nikamnunulia pakiti moja, nikamkabidhi, kisha nikaenda kusimama mbali kidogo nikitazama magari.

"Wekesa."

Hakuwahi kuniita jina.

"Rudi hapa. Umeshika mguu wangu mbele ya Ubelgiji nzima. Chipsi ndizo zitatuua? Keti ule."

Nikaketi. Nikachukua moja, fupi kuliko zote. Nikaila nikitazama magari.

"Wazee nyumbani watasema nini?" nikamuuliza.

"Nitawaambia nilitibiwa. Hawatajua dawa ilikuwa na chumvi." Akatafuna, akaitazama chipsi iliyokuwa mkononi mwake. "Hizi zimekaangwa mara mbili. Kitabu kilisema mara mbili, nikadhani ni kosa la kiwanda cha chapa. Miaka yote niliwaambia wasichana wakaange mara moja tu, wasipoteze mafuta." Akacheka mpaka akashika ubavu uliogonga mawe. "Kumbe kitabu kilikuwa sahihi, mwongo nilikuwa mimi."

Pakiti ilipofika katikati, nikamwambia jambo nililolibeba miaka kumi na minne: kwamba siku zote niliamini hakunitaka nimwoe binti yake.

"Mimi?" akashangaa. "Mimi nilijua wewe ndiye hunipendi. Kila nikikuangalia unatazama dari."

Tulirudi hotelini ameshika mkono wangu, tunakwenda taratibu. Nafula alifungua mlango, akatutazama kuanzia mikono mpaka nyuso, akafumba macho, akayafumbua.

"Homa imenipanda," akasema, akarudi kitandani.

Jumapili alasiri tulishuka London. Mpwa wa mama alikuwa anangoja pale stesheni kumrudisha Edmonton. Mama akamwambia nyumba yake ina ngazi nyingi na mguu hauziwezi, akanigeukia mimi: "Thamesmead kuna lifti?" Ipo. Akalala kwetu wiki mbili, na mimi nikalala sebuleni, kwa kuwa hata kuvunja mila kuna kiasi chake.

Nilichojifunza si kwamba mila ni mbaya. Heshima ile ilinifundisha adabu, na sijutii hata siku moja niliyotazama dari. Nilijifunza kwamba watu wawili wanaweza kuheshimiana kwa bidii hivi kwamba kila mmoja akaamini anachukiwa. Na nimejifunza pia kwamba Nafula alikuwa mkalimani mwema sana, kwa sababu sasa mama hunipigia mimi moja kwa moja kutoka Kimilili, na hakuna anayenichujia maneno. Jumapili iliyopita alinipigia saa ya chakula.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Nini?"

Nikamtajia. Nilikuwa nimesimama wima jikoni na simu sikioni.

"Tano kwa kumi," akasema. "Mpe Nafula simu."