Bibi na Maji Mdomoni

Nilipokuwa na miaka tisa, pale Nangara, niliizunguka nyumba yetu mara nyingi kuliko mbuzi. Kosa lilikuwa mdomo wangu. Bibi, mama yake baba, aliamini kwamba kifo cha mtu kujiua kina masikio: ukikitaja kinasikia, kinakuja kuuliza nani ameniita. Aliyetamka na aliyesikia walipaswa kujaza maji mdomoni, kuizunguka nyumba mara tatu bila kusema neno, kisha kuyatema upande jua linakozama. Ukiyameza, umekimeza na kifo chenyewe.

Kwenye hilo Bibi hakuwa na mzaha. Siku moja nilisema viatu vipya vinaniua, nikazungushwa. Mama akajaribu kunitetea kwamba wenye kuua ni viatu, siyo mtoto. Naye akapewa kikombe.

Mwaka huo baba mdogo Paskali, fundi ujenzi aliyekaa chumba cha uani kwetu, aliachwa na mkewe, aliyerudi kwao Kondoa na watoto. Akaanza kupungua. Chakula hali, usingizi halali, kazini haendi. Kisha akaanza kugawa vitu. Redio akanipa mimi. Koti la mvua akampa baba. Bibi akapewa baiskeli, na hajawahi kupanda hata punda. Nyumba nzima tulifurahi. Bibi aliwatangazia wanawake wa jumuiya ya kanisani kwamba mwanawe ameguswa na Mungu, na mimi nikaomba azidi kuguswa, maana nilikuwa naitamani na tochi yake.

Jumapili moja mchana tulikuwa tunakula makande. Baba mdogo akaja na mfuko wa zana zake, akauweka mbele ya baba. "Chukua, kaka. Mimi sina kazi nazo."

Mwiko, timazi, pima maji, vyote vilikuwa humo. Hata mimi nilijua fundi hagawi mwiko wake.

"Baba mdogo," nikasema, "sasa utajengea nini? Au unataka kujiua?"

Kijiko cha mama kilianguka. Bibi aliruka kama msichana, akachota maji, akajaza mdomo wake kwanza, akaninyooshea kikombe.

"Mama, mwache mtoto," baba mdogo akasema taratibu. "Ameuliza kweli."

Akakaa, akaanza kusema. Alikuwa na wazo hilo wiki nyingi. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. "Naona kama mngepumzika bila mimi," akasema.

Sasa, Bibi alikuwa mtu wa kumkatiza hata padri. Siku hiyo mashavu yamevimba, macho yamemtoka, hawezi kusema nyamaza, hawezi kusema mbona wenzako wanavumilia. Kilichobaki ni kusikiliza tu. Nilikuwa karibu kucheka, mpaka nilipoona machozi yanamtiririka juu ya yale mashavu.

Baba mdogo alipomaliza, akamtazama mama yake. Mlango ulikuwa wazi. Bibi angeweza kutoka na kuizunguka nyumba.

Akameza. Tulisikia yale maji yakishuka. Mama akashika kichwa.

"Endelea, mwanangu," Bibi akasema. "Niko hapa."

Hatukumwacha peke yake siku ile. Kesho yake baba na Bibi walimpeleka hospitali, ambako daktari alimuuliza swali langu lile lile, na safari hii Bibi hakuruka. Kupona kulichukua miezi. Jioni Bibi alikaa naye uani akichambua mboga, akimuuliza, "Leo lile wazo limekuja?" kama anayeuliza habari za homa. Siku nyingine alijibu limekuja, na siku hizo mboga zilichambuliwa polepole sana.

Leo baba mdogo ana nyumba yake Nakwa na bado anajenga za wengine. Watu wakisifu ushujaa wangu nanyamaza, kwa sababu nakumbuka ile tochi. Ila najua sasa kwamba sikukiita kitu chochote. Kilikuwa kimeshaingia zamani, kinakula nasi makande, na sisi tunajifanya hatukioni.

Mwaka jana mwalimu mwenzangu, Anna, aliacha kuja kunywa chai na sisi. Nikamfuata darasani akiwa peke yake. Nilimuuliza wazi swali lile lile nililomuuliza baba mdogo, kwa neno lenyewe.

"Umejuaje?" akasema.

Nikavuta kiti.