Daftari la Presha Lisilo na Jina Langu

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nesi alicheka mpaka akavua miwani. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, nikijiona bado msichana, na nilikuwa nimemeza dawa za presha kwa mwezi mmoja. Kliniki waliniambia nijipime asubuhi na jioni, niandike kwenye daftari, nirudi nalo.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita, nikaacha shule nilee wadogo zangu watatu pale mtaani kwetu Lemara. Tangu hapo mikono yangu haijui kuanza na mimi. Basi Petro, mkubwa wao, aliponinunulia mashine ya kupimia, nikawa nawapima wao. Wote watu wazima, wawili wana ndevu. Wakipita jioni kutoka kazini, hakuna aliyepata chai kabla sijamfunga ule mkanda wa mashine mkononi.

"Dada, mimi nimekuja kuazima ngazi tu," Elia, kitindamimba wetu, alilalamika.

"Kaa. Kunja shati."

Mimi? Si nilikuwa nameza vidonge. Nilidhani vinajua kazi yao.

Siku ya kliniki Elia alinisindikiza. Nesi akafungua daftari, akageuza kurasa, akaniangalia.

"Mama, huyu Petro ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Na Neema?"

"Anamfuata Petro. Yake nzuri sana, angalia."

"Naona. Sasa mgonjwa yuko ukurasa wa ngapi?"

Ndipo akacheka, na Elia naye akacheka, msaliti yule. Lakini nesi aliponipima alivaa tena miwani. Akasubiri, akapima tena. Presha ilikuwa juu sana. Vidonge vile havikunitosha, na mwezi mzima hakuna aliyejua. Daktari akanibadilishia dawa.

Njiani Elia alisema polepole, "Dada, ukianguka wewe, sisi tutalelewa na nani?" Jitu lenye ndevu.

Mwanangu, kumeza dawa ni nusu ya kazi; kupima ndiko kunakokuambia kama inakusaidia. Kichwa kisichouma si ushahidi. Kaa kwanza dakika tano umetulia, miguu chini, mkono wazi juu ya meza, wala usifunge mkanda juu ya sweta eti kuna baridi ya Mlima Meru. Andika kila namba, hata ile inayokuudhi. Zikiwa nzuri, usiache dawa kwa uamuzi wako. Zikipanda, rudi kliniki. Na jipime wewe kwanza, wanaokupenda watasubiri chai.

Mungu akupe moyo unaopiga taratibu, na ndugu wa kukugombeza unapojisahau.