Kadi ya Nyumba Nzima

Katika chama chetu cha kuzikana, sisi Wazanzibari wa London, mwanachama hakuwa mtu. Mwanachama ilikuwa nyumba. Baba akitoa ada yake, kamtolea mke, watoto, na hata bibi aliyekuja matembezi akaugulia huku. Hakuna aliyemuuliza mama kadi yake iko wapi. Mtu akifa watu walikuja, wakapika, wakazika, wakarudi makazini kwao. Mazoea yana taabu, na haya ndiyo yaliyotuponza.

Baba alikuwa pia memba wa chama cha siasa, kile kilichoshika baraza la mtaa wetu karibu na Queensbury. Alijiunga mwanzoni mwa miaka ya tisini, alipokata tamaa ya kurejea kwao. Kadi yake aliitia sahihi kwa wino wa buluu, akaiweka kwenye pochi mbele ya kitambulisho cha kazi. Kila mara chama kilipotafuta mtu wa kumsimamisha udiwani, tulikwenda sote, na mama na mashoga zake wa ghorofa ya chini, tukanyoosha mikono ukumbini. Hakuna aliyetuzuia. Nadhani walifurahi kuona viti vimejaa.

Kisha zikaja sheria mpya. Mkutano wa kumchagua mgombea sasa ulikuwa wa wanachama peke yao, kila mtu na kadi yake, na hakuna kumpigia mwenzio. Barua ilikuja kwa Kiingereza cha mawakili. Baba aliisoma akiwa keshaanza kuumwa, akasema haina neno, nyumba yetu memba. Mama akaridhika, na mimi pia, niliyesomea shule za huku huku.

Safari ile aliyetaka kusimama alikuwa jirani yetu, nesi wa Kikenya, Mkristo, aliyekuwa akimsafisha baba kidonda cha mguu kila akitoka zamu, bila kuitwa. Baba alimwahidi kura za nyumba yetu. Alipozidiwa alimkumbusha mama, na hayo yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho ya kueleweka.

"Yule nesi tusimwangushe," alisema.

Mkutano ukaangukia ndani ya eda. Mama alikuwa hatoki, na nguo za baba zilikuwa zishatolewa sadaka. Akaitoa kadi chini ya mto, akanipa. Ahadi ni deni, akasema, na deni la maiti hulipwa na waliobaki. Nikapige kura ya baba na yake, na mlangoni niwaeleze kwamba mwenyewe yumo edani. Niliona ni jambo la kueleweka na kila mtu mwenye akili.

Nje ya ukumbi nilikuta mabuibui yamejaa. Mashoga wa mama wote walikuwa wamerudishwa, kila mmoja akidai kuwa mumewe memba, mmoja akisisitiza kuwa wake yuko zamu na kamtuma yeye. Mlangoni alikaa bwana mmoja wa chama, mpole kupita kiasi. Upole ule ulinipandisha hasira zaidi kuliko ufidhuli. Nilimweleza eda, akaitikia kwa kichwa kwa huruma, akasema sheria ni sheria. Akauliza mwenye kadi yuko wapi. Nikasema kafariki. Akanipa pole, na naamini ilikuwa pole ya kweli, kisha akalikata jina la baba kwa rula kwenye orodha yake na kuitia kadi ndani ya bahasha. Kadi ya marehemu hurudi chamani, alisema. Nilibaki nimenyoosha mkono, sina kitu.

Nesi alishindwa. Alipotoka akatukuta sote pale nje, akatukumbatia mmoja mmoja. Niliona aibu, ingawa kosa silijui nimpe nani.

Mama nilimkuta juu ya msala. Habari ya nesi aliipokea kwa kushusha pumzi, akasema tumpelekee chakula kesho. Habari ya kuwa yeye hakuwa memba ilimkaa zaidi.

"Miaka yote ile nnanyoosha mkono," alisema, "kumbe mie nani?"

Nikamwambia alikuwa mgeni mwalikwa. Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu msiba. Kisha akanyoosha kiganja, anataka kadi. Nikamwambia wameichukua.

Baba aliandika sana maishani mwake, lakini barua zake zote zilikwenda Pemba, kwa watu ambao nao wamekwisha kufa. Sahihi ile ya buluu ndiyo pekee tuliyokuwa nayo ya mkono wake, na mimi sikulifikiria hilo hata mara moja mpaka nilipouona uso wa mama.

"Si ungewambia wanirejeshee," alisema. "Sipigi kura nayo. Niwe nayo tu."