Koa Niliyemtilia Chumvi

Harufu ya majivu yaliyolowa hunirudisha kijijini Magunga. Msimu wa mvua nyanya yetu, tuliyemwita Dani, alinyunyiza majivu kuzunguka sukuma wiki zake, kwa sababu makoa, wale konokono wasio na gamba, waliyatoboa majani hadi yakabaki mishipa. Nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu Akinyi mitano. Yeye ndiye aliyemwokoa koa mmoja, akamficha kwenye kopo, akanikabidhi mimi niliyesoma kila karatasi iliyoingia nyumbani. Nilimwahidi kwamba hatakufa.

Siku chache kabla, karanga zilikuwa zimekuja kutoka sokoni zimefungwa kwa ukurasa wenye picha ya koa wa bahari ya joto: mwili wa zambarau, ukingo wa manjano, na viungo vya kupumulia vimechanua mgongoni kama ua. Ukurasa ulisema huzaliwa na gamba dogo, kisha huliacha. Hula sifongo, mnyama laini wa baharini, na kuibeba sumu yake kama silaha. Kila mmoja ni dume na jike pamoja. Ulisema pia hawezi kuishi nje ya maji ya chumvi. Sikuwa nimeona bahari, nililijua ziwa tu. Nikaamua wetu ni yule yule, ila amepotea njia, ndiyo maana amepauka.

Nilisawazisha chumvi juu ya kijiko kwa kisu, maana sikutaka kukosea, nikaimimina ndani ya kopo. Koa akajikunja.

"Atieno, hataki," Akinyi akasema.

Nikamwambia bado hajazoea, nikaongeza kijiko cha pili. Akaanza kutoa povu.

"Mtoe basi."

Sikumtoa. Nilikimbilia ule ukurasa kutafuta nilipokosea, nikausoma mstari kwa mstari, huku Akinyi amesimama ameshika kopo kwa mikono miwili. Nilipomaliza, koa alikuwa amekufa. Tulipomuuliza Dani kama koa anaweza kuponywa, alicheka hadi akakaa chini, akasema tumemsaidia kazi, tena kwa chumvi yake ya mboga.

Leo nina simu. Naweza kumtazama koa wa bahari akitambaa juu ya matumbawe wakati wowote, na najua jinsi chumvi inavyomnyonya maji koa wa shambani. Nimejifundisha yote hayo, na hakuna hata moja linalorudi nyuma kunishika mkono nisitie ile chumvi. Mwaka huu, baada ya kuyapanga maneno kwa wiki nzima, nilimwomba Akinyi msamaha kwa ajili ya yule koa. Alikuwa akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, hakuinua macho.

"Sawa, nimekusamehe," akasema. "Lakini ni koa gani?"