Nilivyomwomba Mwansa kwa Kingereza

Aibu ni yangu, siikatai, na sitaki mtu anisaidie kuibeba. Lakini hasira nayo ni yangu, na hiyo ndiyo nataka niwaeleze leo, kwa sababu watu wa kwetu wakisimulia habari hii huanza kucheka kabla hawajafika katikati, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kusema ni nani aliyenisimamisha mbele ya wakwe na ni nani aliyenikana palepale nikiwa bado nimesimama.

Ilianza na jambo dogo sana. Mimi nauza dawa kwenye famasi, na asubuhi moja wateja walikuwa hawajafika, nikaandika katika grupu ya familia kwenye simu neno moja la Kingereza, maana yake, namna ya kulitamka, na sentensi moja ya mfano. Basi. Watu wakafurahi, wakaweka vidole gumba, na Hubert, kaka yetu mkubwa (huyu anafanya kazi ofisini, na tai haivui hata Jumamosi), akaandika kwamba hatimaye kuna mtu mwenye akili katika familia hii. Nani asingeendelea? Nikaweka neno la pili, na la tatu, mpaka ikawa mtu akiamka anatafuta neno la Godé, ndiye mimi, kabla ya chai.

Sasa mtaniuliza maana ya hayo maneno niliitoa wapi. Mengine kwenye kamusi ndogo ya simu. Lakini Kingereza kina maneno mengi yanayofanana na Kifaransa kama mapacha, na nilipokutana na neno la namna hiyo sikuona haja ya kutafuta, nililipa maana ya Kifaransa nikasonga mbele. Kwa Kifaransa «demander» ni kuomba, kwa hiyo «demand» nikaandika: kuomba kwa adabu. Mfano: «I demand some water, please.» Hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu hakuna aliyejua.

Ndipo kitinda mimba wetu, Patient, kijana mpole anayetengeneza jenereta, akatuambia kwamba anataka kumwoa Mwansa. Baba yake Mwansa, Ba Chanda, ni Mzambia, fundi wa mashine kubwa za mgodini upande wa Kinsevere, na amekaa mtaa wetu wa Karavia miaka mingi hadi Kiswahili chetu anakizungumza vizuri kuliko wajomba zangu. Lakini mwenye kupokea neno letu alikuwa kaka yake mkubwa, mzee mmoja anayekuja kutoka Kitwe, kwao Zambia, na huyo alisikia Kibemba na Kingereza tu. Sisi watu wa Kongolo, babu yetu aliletwa hapa na kazi ya reli, Kibemba tunakisikia sokoni tu.

Tulipokutana kwa mama kupanga safari ya posa, Patient alisema wazi kabisa kwamba Ba Chanda yuko tayari kumfasiria kaka yake, tuzungumze tu Kiswahili. Nataka mkumbuke hilo. Alilisema, na wote tulisikia. Hubert ndiye aliyekataa.

«Tunaenda kulomba mutoto ya bantu, hatuendi ku soko,» alisema. «Godé atasema Kingereza. Bajue kama siye pia tulisoma.»

Mama akanigeukia akaniuliza kama ninaweza. Nikamjibu, «Mama, mi nasemaka Kingereza kila siku.» (Kila siku neno moja, lakini hilo sikulisema.)

Wiki nzima nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha famasi. Neno lililonisumbua lilikuwa «daughter», yaani binti, kwa sababu katikati yake kuna herufi mbili, g na h, na mimi sikuelewa ni mtu gani mwenye akili timamu angeweka herufi katika neno halafu asizitamke. Nikaamua kuzitamka. Nikawa nasema «dogta», kwa sauti nzito, na mwenzangu wa kazini akaniambia inapendeza.

Jumapili tukafika Karavia. Viti vimepangwa, vinywaji vimewekwa, na mzee wa Kitwe amekaa katikati, kofia juu ya goti. Hubert akasalimia kwa Kifaransa, halafu akanyoosha mkono kunionyesha kama anayetangaza mwimbaji. Nikasimama. Salamu zilikwenda vizuri, na hapo nikajiamini, nikasema tumekuja kwa ajili ya «dogta» wao.

Mzee akamtazama ndugu yake, halafu akaniuliza polepole kitu ambacho nilishika neno moja tu ndani yake, «sick», mgonjwa. Nikafikiri anaulizia afya ya familia. Nikajibu, «Yes, thank you.» Kumbe yeye alikuwa amesikia «doctor», daktari, na alikuwa anauliza ni nani kati yetu aliyeugua, na mimi nilikuwa nimemshukuru.

Ba Chanda alielewa upesi. Akatabasamu, akamweleza kaka yake kwa Kibemba, halafu akaniambia mimi kwa Kiswahili, bila dharau yoyote, «Mama Godé, sema tu Swahili, mi nitamufasiria.» Mlango ulikuwa wazi hivyo. Ningepita hapo, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Na nilikuwa nimeshafungua mdomo nikubali, Hubert akanigusa kiwiko na kuninong'oneza, «Endelea, usituangushe.»

Nikaendelea.

Nikasema, na nilikuwa nimeongeza neno moja la juzi ili kupamba, «We demand your dogta immediately.» Sasa hivi kila mtu katika familia yetu anajua kwamba kwa Kingereza «demand» si kuomba, ni kudai, kama anavyodai mtu mwenye bunduki, na «immediately» ni sasa hivi. Siku ile hatukujua. Mzee akarudia neno lenyewe kama anayeuliza, «Demand?» Mimi nikadhani hasikii vizuri, basi nikapaza sauti nikalirudia, halafu (hapa ndipo bado nafunika uso nikikumbuka) nikamtajia herufi zake moja moja. Patient alinivuta kitenge. Nikaupiga mkono wake kofi dogo.

Halafu nikataka kuonyesha unyenyekevu. Nilitaka kusema kwamba desturi zao hatuzijui, watuvumilie. Kutojua kwa Kifaransa ni «ignorer», kwa hiyo nikatabasamu, nikaweka mkono kifuani, na kusema, «We ignore your customs.» Mzee aliitoa kofia yake kwenye goti. Akauliza swali refu, na nikashika humo «if» na «refuse», kama wao wakikataa. Nilikuwa na sentensi za mifano tu, na kati ya zote niliichagua ile niliyoiona nzuri zaidi, ile niliyoiandika grupuni siku ya neno «consequences»: «You must accept the consequences.»

Mzee akazungumza na ndugu yake kwa Kibemba, maneno machache, na Ba Chanda akatutazama, safari hii hatabasamu.

«Yaya wangu anauliza,» akasema, akimwonyesha kaka yake mkubwa, «munakuya kulomba, ao munakuya kunyanganya?»

Mwansa alikuwa jikoni na alikuwa amesikia yote. Akatoka, mikono bado ina maji, akasimama mbele yangu mimi, si mbele ya baba yake, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa hasira.

«Yaya Godé, unajua umebaambia nini? Umesema munataka miye sasa hivi, desturi yetu munaizarau, na bakikatala, bataona.»

Nikageuka kumtafuta Hubert. Nawaapia nilidhani atasimama. Nilidhani atasema jamani, ni mimi niliyemtuma, kosa ni letu. Alisimama kweli, akafunga kifungo cha koti, akawaambia wakwe, kwa Kiswahili kile alichokikataa tangu mwanzo:

«Mutusamehe. Huyu dada yetu anapendaka kujionyesha.»

Mwanamke aliyetoka kuwatisha wakwe kwa Kingereza hawezi kuanza ugomvi na kaka yake katika sebule hiyohiyo. Kwa hiyo nilimeza. Nikapiga magoti, nikamwomba Ba Chanda msamaha kwa Kiswahili, nikamweleza jinsi Kifaransa kilivyonidanganya, naye akamfasiria kaka yake, na mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akasema msamaha ameupokea. Lakini akasema pia turudi nyumbani, tuje siku nyingine na mdomo mwingine. Patient alikuwa amekaa chini sakafuni, kichwa mikononi, na hakunyanyuka mpaka mama alipomshika bega.

Ndani ya gari, kwenye kona ya kwanza tu, Hubert akaanza kucheka. Alicheka mpaka akapangusa macho. Nikamwambia asimamishe gari. Nikashuka, na viatu vyangu vya visigino virefu, nikarudi nyumbani kwa miguu katika lile vumbi jekundu, na nilipofika, Hubert alikuwa ameshaisimulia yote grupuni, na wale wale waliokuwa wanasubiri neno langu kabla ya chai walikuwa wananiandikia, mmoja baada ya mwingine, kwamba wana-demand hiki na kile.

Patient hakunisalimia hadi waliporudi Karavia bila mimi. Mama alizungumza Kiswahili, Ba Chanda akafasiria, na mambo yakaisha kabla vinywaji havijapata joto. Kumbe yangeweza kuisha hivyo tangu siku ya kwanza.

Kingereza sijakiacha, msidhani. Jumamosi naenda upande wa Kasapa kwa binti mmoja mwanafunzi wa chuo, ananirudisha kwenye neno moja hata mara kumi bila kucheka, na ameniapisha kwamba neno likifanana na Kifaransa nilitilie shaka kwanza. Lakini nimejiapisha mwenyewe jambo jingine: sitamwazima tena mdomo wangu mtu ambaye sifa atazipokea kwa mikono miwili na lawama ataniachia peke yangu.

Siku ya ndoa mzee wa Kitwe alinitafuta kati ya meza, akanipa mkono, akaniita Madame Demand, na nilicheka, kwa sababu yeye alikuwa na haki. Baadaye alipita mbele kuwabariki maharusi, kwa Kingereza, na nikamwona Hubert, aliyejitwika ushereheshaji siku hiyo, anakuja mbio kwenye meza yetu, suti mpya, maikrofoni mkononi, jasho kwenye paji la uso.

«Godé, kuya utufasirie kidogo. Bantu banangoja.»

Nikaisukuma ile maikrofoni ikamrudia kifuani. «Fasiria weye,» nikamwambia. «Mi niko nakula.»

Mzee alizungumza kwa muda mrefu, kwa upole, na watu wakamgeukia kaka yangu. Alikohoa. Akasema, «Anasema asante.» Mzee akaendelea, tena kwa muda mrefu. Hubert akanitazama kwa macho ya mtu anayezama, na mimi nikamega tonge la bukari, ugali wangu, nikalichovya kwenye mchuzi.